KATA YA ILEMBULA: ARDHI, MAJI NA MADARAKA

Masomo ya siasa katika vyuo vingi huanza na dola, hufuata matabaka, na kwa kawaida kata na kijiji huguswa mwishoni, saa za darasa zinapokuwa zimekwisha. Matokeo yake ni kwamba kada anaweza kueleza barabara muundo wa Bunge, lakini anaposimama mbele ya mkutano wa kijiji na kuulizwa ni nani anayewajibika kwa bomba lililokauka, anajibu kwa hotuba. Wananchi husikiliza, hupiga makofi, halafu kina mama huchukua ndoo zao na kwenda mtoni.

Katika makala haya tunataka kulitazama jambo hili kutoka chini kwenda juu, kwa kutumia mfano wa mahali pamoja: Kata ya Ilembula, katika Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Hatukuichagua Ilembula kwa sababu ni ya ajabu. Tumeichagua kwa sababu inafanana na mamia ya kata nyingine, na kwa sababu sura ya nchi yake inaonyesha waziwazi jambo tunalotaka kulieleza: mahitaji makubwa ya wananchi wa vijijini yana ukubwa wa kata au zaidi, lakini madaraka ya kisheria na fedha vimewekwa ama chini ya kata ama juu yake. Kada asiyelielewa hilo hawezi kuwasaidia wananchi kudai haki yao mahali panapostahili.

SURA YA NCHI

Msafiri anayetoka Makambako kwa barabara kuu iendayo Mbeya huanza kuteremka. Nyuma yake ameuacha mji uliokuzwa na njia panda. Hapo hukutana barabara ya Tanzania na Zambia, reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara ya kwenda Njombe na Songea ambayo iliwekewa lami katika miaka ya 1980. Kushoto kwake, yaani kusini mwa barabara hiyo kuu, ndiko iliko Ilembula.

Ardhi ya Wanging'ombe imeinama kama paa la nyumba. Upande wa kusini nchi inapanda kuelekea Imalinyi na safu za milima ya Kipengere. Huko hewa ni ya baridi, mvua ni nyingi, na wakulima hupanda viazi mviringo, ngano, miti ya mbao, na katika miaka ya karibuni parachichi. Upande wa kaskazini nchi inashuka kuelekea bonde la Usangu. Joto linaongezeka, mvua inapungua, na mara nyingine hukatika kabla mahindi hayajabeba. Ilembula ni ya ukanda huu wa chini. Wakulima wake hutegemea mahindi, alizeti, mtama, maharage na mifugo, na hutegemea msimu mmoja tu wa mvua, ambao huanza kwenye Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ukanda wa chini unaishi kwa maji ya ukanda wa juu. Mto Mbarali na vijito vyenzake huanzia kwenye milima, hupita katika nchi hii kavu, huingia Usangu na kujiunga na Ruaha Mkuu. Maji hayo ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Mbarali. Ndiyo yanayopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndiyo yanayojaza Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu, na mwisho huingia Rufiji. Kwa hiyo mwanakijiji wa Ilembula ana jirani wa juu anayeweza kumpunguzia maji, na ana jirani wa chini ambaye yeye mwenyewe anaweza kumpunguzia. Majirani hao wawili hawamo katika kata yake. Yule wa chini hayumo hata katika mkoa wake.

Wakati wa ukoloni, sera ya serikali ilikuwa kuifanya nchi ya Wabena ghala la nguvukazi. Vijana wengi wa Njombe walipelekwa kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Mahali palipotakiwa kutoa watu hapakuwekewa mtaji wa kuendeleza kilimo. Huduma kubwa iliyojengwa Ilembula ilitokana na kanisa: hospitali ya Kilutheri, ambayo mpaka leo inajulikana mbali nje ya kata, pamoja na chuo chake cha afya. Kutokana na hospitali hiyo Ilembula ina duka, nyumba za wageni na kituo cha magari ambavyo kata nyingine za jirani hazina. Hospitali huvuta watu kutoka vijiji vya mbali. Lakini haikutokana na mpango wa kata, wala kata haina usemi katika bajeti yake.

MIPAKA ILIYOCHORWA MARA NYINGI

Mtu aliyezaliwa Ilembula mwaka 1960 na asihame hata siku moja amekwisha kuishi chini ya tawala nyingi. Alizaliwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, chini ya utawala wa wenyeji ambao Waingereza waliuweka kwa sheria ya mwaka 1926, yaani kuwatawala watu kwa kuwatumia watemi. Alipokuwa na miaka mitatu utemi ulifutwa kisheria. Akawa mtu wa Wilaya ya Njombe, Mkoa wa Iringa. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya Kamati za Maendeleo za Kata. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Kati ya 1973 na 1976 wananchi wakahamishiwa vijijini, na sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kuandikishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikarudi. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ukamegwa kutoka Iringa, Wanging'ombe ikawa wilaya, na makao yake yakawekwa Igwachanya.

Katika orodha hiyo ndefu, mwaka 1972 unahitaji maelezo zaidi. Neno "madaraka mikoani" lilikuwa zuri, na nia ilikuwa kuwasogeza wataalamu karibu na wananchi. Lakini kilichosogezwa mikoani kilikuwa ni madaraka ya watumishi wa Serikali Kuu. Chombo cha kuchaguliwa kilichokuwapo wilayani, hata kama kilikuwa dhaifu na chenye madeni, kiliondolewa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alieleza mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Sisi tunaona kauli hiyo inafaa kufundishwa pamoja na hotuba zake nyingine, kwa uzito ule ule.

Mipaka ya mwaka 2012 nayo ilikuwa na matokeo yake. Makambako, ambako wakulima wa Ilembula hupeleka mahindi na alizeti na kununua mbolea na mabati, ni halmashauri ya mji inayojitegemea. Ushuru wa soko unaolipwa pale hujenga Makambako. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri yanakotoka mazao, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wa mageti barabarani. Katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali iliushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaamua kwamba mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Tunasema ya kilo mia, maana ukiruhusu lumbesa hesabu hiyo inaharibika na anayeumia ni mkulima. Uamuzi huo ulimpunguzia mzigo mkulima mdogo, lakini ulipunguza pia fedha za halmashauri changa ambayo mapato yake ya ndani yalitegemea mazao.

KIJIJI KINA HATI, KATA HAINA

Sasa tuje kwenye muundo wenyewe.

Kijiji kilichoandikishwa ni mtu kisheria. Halmashauri ya Kijiji inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiongozwa na mwenyekiti anayechaguliwa kila miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Juu ya Halmashauri uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi, ambao hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huu ndio wenye uwezo mkubwa kuliko vyote kijijini. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Pale ambapo wanunuzi kutoka mijini wanatafuta mashamba ya miti na parachichi, kifungu hicho ndicho ukuta wa mwisho wa mkulima mdogo. Mwenyekiti anayetia saini nyumbani kwake usiku hajagawa ardhi kisheria. Amefanya biashara na mali isiyo yake.

Wilaya nayo ni mtu kisheria. Halmashauri ya Wilaya ina madiwani wa kuchaguliwa, madiwani wa viti maalumu na mbunge. Ina bajeti, ina sheria ndogo, ina akaunti benki. Mtendaji wake mkuu, Mkurugenzi, huteuliwa na Rais. Pembeni yake yuko Mkuu wa Wilaya, mwakilishi wa Serikali Kuu, mwenye Maafisa Tarafa wake. Wananchi wengi hudhani Afisa Tarafa ni mkubwa wa diwani. La hasha. Hao ni watu wa mistari miwili tofauti: mmoja huteremka kutoka Serikali Kuu, mwingine hupanda kutoka kwa wapiga kura.

Kati ya kijiji na wilaya ndipo ilipo kata. Kata ina diwani, ina Mtendaji, ina Kamati ya Maendeleo. Mwenyekiti wa Kamati ni diwani. Wajumbe ni wenyeviti wa vijiji vyote vya kata, pamoja na diwani wa viti maalumu anayeishi humo. Katibu ni Mtendaji wa Kata. Kamati hii huratibu mipango ya vijiji na kuipeleka wilayani, na huhamasisha kazi za kujitolea. Lakini kata yenyewe si mtu kisheria. Haina hati ya kuandikishwa kama kijiji, haina ardhi inayoimiliki kwa jina lake, haitozi kodi. Lilikuwapo Baraza la Kata lenye uwezo wa kuamua mashauri madogo kwa sheria ya mwaka 1985. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi baraza hilo hupatanisha tu, haliamui.

Pamoja na udhaifu huo wa kisheria, kata ndiyo iliyobeba kazi kubwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, lengo lilikuwa kila kata iwe na shule yake. Shule hizo zilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wananchi, kwa mchanga uliobebwa kichwani na kwa michango iliyopangwa katika Kamati za Maendeleo za Kata. Zilidharauliwa sana mwanzoni, zikaitwa majina ya kebehi, lakini ndizo zilizowafikisha watoto wa wakulima kidato cha nne. Ukubwa wa kata ulifaa, kwa sababu kijiji kimoja ni kidogo mno kwa sekondari, na wilaya ni kubwa mno kwa mtoto anayekwenda kwa miguu.

MFANO WA MBALI

Wanachuo huuliza kama tatizo hili ni la kwetu peke yetu. Ni vizuri kuangalia nchi nyingine, hata ya kibepari, ili tuone chombo chenye ukubwa wa kata kinavyoweza kupangwa kwa njia tofauti.

Marekani, katika majimbo 20 ya kaskazini mashariki na kati, ziko serikali ndogo zaidi ya 16,000 za ngazi hiyo, ambazo nyingi huitwa taunishipu. Asili ya nyingi kati ya zile za majimbo ya kati ni sheria ya upimaji ardhi ya mwaka 1785. Wapimaji walianzia Ohio na kuigawa nchi katika miraba ya maili sita kila upande, na kila mraba wakaugawa katika vipande 36. Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Mito, vilima na mabwawa havikuhesabiwa: kamba ilinyooshwa juu ya kila kitu. Wala wenyeji wa asili hawakuhesabiwa. Ardhi ile ilipimwa ili iuzwe, na kwa Mkataba wa Greenville wa mwaka 1795, baada ya kushindwa vitani, makabila ya wenyeji yalilazimika kuiacha sehemu kubwa ya Ohio. Mraba ule mzuri kwenye ramani una damu chini yake.

Hata hivyo chombo kilichoota juu ya mraba huo kina jambo la kutufundisha. Katika Ohio, taunishipu huongozwa na wadhamini watatu wa kuchaguliwa pamoja na mtunza fedha wa kuchaguliwa. Hutoza kodi ya majengo na ardhi, na kwa fedha hizo hutengeneza barabara zake, hutunza makaburi na kuendesha zimamoto. Katika Minnesota, kila mwezi Machi wakazi hukutana katika mkutano wa mwaka na kupiga kura ya kodi watakayojitoza. Si wote wanaozisifu serikali hizi: wengine husema ni ndogo mno kwa kazi za siku hizi. Lakini mkazi anayeona shimo barabarani anajua ni mlango wa nani atakaougonga, na mwenye mlango ana mfuko.

Ulinganifu huu una pande mbili. Mkulima wa Ohio ana taunishipu yenye mfuko, lakini ardhi yake ni bidhaa. Akishindwa kulipa deni benki huichukua. Mkulima wa Ilembula ana ardhi inayolindwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, lakini kata yake haina mfuko. Tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, kodi ambayo kwa haki kabisa ilichukiwa kwa sababu tajiri na maskini walitozwa karibu sawa na wasio nayo walikimbizwa porini na mgambo, vijiji vimebaki na michango na ruzuku. Kodi mbaya iliondoka, lakini kodi njema ya ngazi ya chini haikuwekwa mahali pake.

MAJI NA BARABARA

Mwishoni mwa miaka ya 1970, vijiji vya ukanda wa chini wa Wanging'ombe vilianza kupata mradi mkubwa wa maji ya mserereko kwa msaada wa UNICEF. Wazo lake lilitokana na sura ya nchi tuliyoieleza: kama ardhi imeinama, maji yakingwe juu, yaingizwe kwenye bomba na kuachwa yateremke yenyewe, bila pampu wala dizeli. Wananchi walichimba mitaro kwa majembe yao, kila kijiji na kipande chake. Bomba lilikuwa mwalimu mzuri wa siasa, kwa sababu halikujali mpaka wa kijiji. Kijiji cha juu kikitoboa bomba ili kumwagilia bustani, kijiji cha chini hulala na kiu. Kijiji cha mwisho kisipolipa, fundi hawezi kununua koki ya kijiji cha kwanza.

Mradi wa namna hii una ukubwa unaopita kijiji na kupita kata. Kwa miaka mingi suala la nani anaumiliki na nani anautengeneza lilisumbua miradi ya mserereko kila mahali nchini. Mabomba yalizeeka, watu waliongezeka, na kamati za maji za vijiji zilikuwa na nguvu ya kukusanya senti lakini si ya kubadilisha bomba kuu. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, chini ya Wizara ya Maji, na chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Miaka miwili kabla, mwaka 2017, barabara za wilaya na vijijini zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwa TARURA.

Sababu za kuunda wakala hizi zinaeleweka. Wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika, na fedha za barabara katika baadhi ya halmashauri ziliingia mifukoni. Lakini hatuna budi kusema wazi maana yake kisiasa. Mambo mawili ambayo mwananchi wa Ilembula huyauliza kwanza katika kila mkutano, maji na barabara, yametoka mikononi mwa baraza alilolichagua. Diwani bado anaulizwa na bado anajibu, ila anachoweza kufanya ni kumwita meneja wa wakala aje atoe taarifa. Meneja akiwa mtu mwenye kujali, mambo huenda. Akiwa na dharau, diwani hubaki na aibu ambayo si yake. Uwajibikaji wa meneja huyo unapanda kwenda wizarani. Haugeuki kwenda kwa wapiga kura.

Kwa hiyo kada anayefanya kazi Ilembula, au katika kata yoyote inayofanana nayo, anapaswa kwanza kujua swali analoulizwa ni la ngazi gani. Ardhi ya kijiji: Mkutano Mkuu, na kama haujaitishwa kwa miezi mitatu, hilo ndilo shauri la kwanza la kudaiwa. Madawati ya sekondari na zahanati: Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha bajeti ya Igwachanya, ambayo hupangwa miezi mingi kabla ya Julai; anayepeleka ombi mwezi Juni amechelewa. Bomba: chombo cha watumia maji, ambacho hesabu zake kila mlipaji ana haki ya kusomewa, kisha meneja wa RUWASA wa wilaya. Daraja lililochukuliwa na maji: TARURA, kwa barua ya Kamati yenye muhtasari wa kikao, maana ombi la mdomo halina mahali pa kuwekwa katika faili.

Na mto wenyewe una ofisi yake nyingine kabisa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika eneo la Hifadhi, na tangu hapo kila mfereji unaochimbwa kandokando ya Mbarali na vijito vyake ni jambo la taifa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto kwa kilimo awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na inaruhusu wanaotumia kijito kimoja kuunda jumuiya yao, hata kama wako wilaya au mikoa tofauti. Hicho ndicho kikao pekee ambamo mkulima wa Ilembula, mwenzake wa mlimani na mwenye jaruba la mpunga kule Mbarali wanaweza kukaa meza moja na kugawana zamu za maji. Ofisi ya Bodi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, na vijana wanaotaka kuanzisha bustani za nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi wapelekwe huko kabla hawajashika majembe.